Maji Niliyomwaga Mbele ya Jeneza la Isidore

MAELEZO YA SHAHIDI

Mahali: Kituo kidogo cha polisi, Baraka, Teritwari ya Fizi, Kivu Kusini
Tarehe: 16 Julai 2024, kuanzia saa tatu asubuhi
Jina la shahidi: Félicité Etabo
Umri: Miaka 51
Kazi: Mwenye mgahawa
Makazi: Baraka, jirani na bariye ya barabara ya kwenda Fizi
Uhusiano na mtuhumiwa: Mama mkubwa wake
Anayeandika: Darius Mlondani, afisa mpelelezi

Nimekuja hapa mwenyewe. Hakuna aliyeniita wala kunituma. Shefu Darius anayeandika maneno haya amekula maharagwe yangu miaka mingi, kwa hiyo tunajuana, na hata leo amenipa kiti chenye mgongo. Ameniomba niseme polepole na nisilete hasira. Polepole nitaweza. Hasira ninayo, na sitadanganya kwamba sina.

Kijana mnayemshikilia, Dany Asukulu, ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Nimemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Ana miaka ishirini na tatu, alisomea umeme, na bunduki hajawahi kuishika. Nimeambiwa kwamba ameandikiwa kosa la kuwa Mai-Mai, yaani mpiganaji wa porini. Eti alikuwa na majani kichwani, eti alikuwa amelowa maji ya dawa, eti risasi zilipolia hakukimbia kama wenzake. Nimekuja kueleza hayo, maana yote niliyaona kwa macho yangu, na mojawapo nililifanya kwa mikono yangu.

Nianze na kifo, kwa sababu bila kifo kile yote haya yasingekuwapo.

Mnamo tarehe 9 Julai, Jumanne, saa nne hivi asubuhi, nilikuwa nimekaa mlangoni pa mgahawa nachambua mchele. Nikikaa pale ninamwona kila anayesimamishwa kwenye bariye, kile kizuizi cha polisi. Isidore Lubunga alifika na pikipiki yake akitokea upande wa Fizi. Alikuwa amempakia mama mmoja wa Lulimba pamoja na gunia la maharagwe. Isidore nilimjua vizuri, ndiye aliyekuwa ananiletea maharagwe na habari za huko juu. Polisi mmoja, mgeni, hakuwa wa hawa wetu wa zamani, alimwambia azime pikipiki. Isidore hakuzima.

Hapa naomba muandike vizuri. Pikipiki ya Isidore ilikuwa imekufa betri. Ukiizima haiwaki tena mpaka uisukume, na pale bariyeni ni kwenye mpando, na mgongoni ana mama na gunia. Motari wote wa hapa, waendesha pikipiki wenzake, walijua, na polisi wetu walijua, walikuwa wanaongea naye ikiwa inanguruma hivyo hivyo. Nilimsikia akisema: "Shefu, nikizima haitawaka tena. Betri ilikufa. Uniulize tu hivi." Yule mgeni akaona huyu anataka kukimbia. Alimpiga kwa kitako cha bunduki, kwanza begani, halafu kichwani. Isidore alianguka, na mama wa Lulimba akaanguka, na pikipiki ikaendelea kunguruma ikiwa imelala chini, mpaka mpita njia mmoja akainama kuizima.

Nilipiga kelele nikasema, "Mutamuua!" Yule polisi aliniangalia, akaniambia nirudi kwenye sufuria zangu. Ningefanya nini? Nilirudi.

Isidore alifariki hospitalini alfajiri ya kesho yake. Hilo sikuliona, niliambiwa na mke wake, Ketsia, ambaye ana mimba ya kwanza.

Siku hiyo ya tarehe 10 mchana, vijana walijaa mgahawani kwangu, karibu wote motari, na Dany katikati yao. Walikuwa wanaongea wote kwa pamoja. Kulikuwa na wengine waliotaka kwenda kuchoma bariye. Dany aliwakatalia, nilikuwa nawagawia chai, nikasikia neno kwa neno: "Tukichoma kitu, watu batasahau Isidore, bataongea tu moto. Tumupitishe pa bariye, tusimame kidogo, tuombe yule polisi apelekwe mbele ya juge, kisha tuende ku makaburi. Hakuna kutupa hata libwe moja." Wakakubaliana hivyo, kudai hakimu na kutotupa jiwe. Wawili walitumwa kwenda kuarifu ofisi ya serikali mjini kwamba msafara utapita. Walirudi wakasema wameambiwa mkubwa yuko mkutanoni, warudi Jumatatu. Ilikuwa Jumatano, na maiti iko nyumbani, na ni kipindi cha joto.

Dany aliniuliza, "Mama mukubwa, unaona aje?" Nilimwambia, "Kama mumekubaliana kwenda na heshima, muende na heshima." Ndivyo nilivyomwambia, na sijui ningemwambia nini kingine.

Sasa kuhusu majani. Kwetu hapa motari akifa, wenzake wanafunga matawi mabichi mbele ya pikipiki, na wanaobeba jeneza wanajifunga majani kichwani. Ni alama ya kilio. Anayekuja mbele anapunguza mwendo na kuvua kofia. Hata mtoto wa hapa anajua. Na nyie polisi mnajua zaidi, maana mwaka juzi mlipomzika sajini wenu aliyezama akitoka Ubwari, gari lenu lilifungwa matawi mpaka dereva akawa anachungulia katikati ya majani. Nani aliwapikia siku ile? Mimi. Na wewe, Shefu Darius, ulikuwa na majani kichwani, ya mparachichi, nilikutania kwamba yamekupendeza. Hakuna aliyewaita Mai-Mai.

Shefu Darius amesema hilo la kwake si lazima liandikwe. Nimemwambia ni lazima. Ameandika.

Mnamo tarehe 11 Julai, Alhamisi, kama saa tano asubuhi, msafara ulianza kushuka kuelekea bariye. Mbele walikuwa vijana wanne na jeneza, nyuma pikipiki zikienda taratibu na matawi yake, halafu bamama wakiimba. Sikuona panga, sikuona fimbo. Niliona kitabu cha nyimbo.

Nafika kwenye maji. Shefu Darius ameweka kalamu chini na kuniambia, "Mama Félicité, ile ya mayi tuiache. Utajifunga weye mwenyewe." Nimemjibu, "Nikiiacha, Dany atajitetea na nini? Andika." Ameniambia, "Bakubwa batasoma." Nimemwambia, "Basome. Njo maana nimekuja." Basi ameishika tena kalamu, na mimi naendelea.

Ni kiangazi. Barabara mbele ya mgahawa wangu ni vumbi jekundu tupu, na siku ile magari ya kikosi kipya kilicholetwa bariyeni yalikuwa yamepita mara nyingi, vumbi likapanda juu ya kila kitu. Jeneza la Isidore lilikuwa la mbao nyeupe, halikupakwa rangi, na Ketsia alikuwa amelitandikia kitambaa cheupe alichokishona mwenyewe usiku kucha. Sikupenda kitambaa kile kichafuke. Kwa hiyo nilichota maji kwa beseni kutoka kwenye pipa langu, maji ya ziwa, yale yale ninayooshea sahani, nikawa namwaga barabarani mbele yao ili vumbi litulie. Nilimwaga beseni baada ya beseni. Moja mkono uliteleza, maji yakamwagikia Dany kichwani na kifuani. Alikuwa amebeba mbele, upande wa kulia. Alicheka, akasema, "Mama mukubwa, unanibatiza mara ya pili?" Sijamsikia akicheka tena tangu hapo.

Swali: Ndani ya maji hayo uliweka kitu chochote?
Jibu: Sabuni labda, kama beseni halikuoshwa vizuri.

Swali: Ulitamka maneno yoyote ulipokuwa unamwaga?
Jibu: Nilisema, "Pole Isidore, pole mutoto." Na nilimwambia kijana mmoja wa nyuma anyanyue miguu asiteleze.

Swali: Unajua kwamba Mai-Mai wanamwagiwa maji kabla ya kwenda vitani, ili risasi zisiwaingie?
Jibu: Nani asiyejua hapa? Lakini Shefu, sisi watu wa Fizi tunalowa maji kila siku. Tunaoga, tunavua, tunapika. Kama kila aliyelowa ni mpiganaji, basi mfunge na ziwa.

Kikosi kilichokuwa kimepangwa kwenye bariye kilikuwa kimefika siku iliyotangulia. Sikuwa namfahamu hata mmoja wao. Kiswahili hawasikii, wanaongea Lingala. Waliona majani, waliona maji. Mmoja wao alinyoosha kidole na kupaza sauti, "Mai-Mai! Bango wana!" Maana yake ndio hao. Nilikimbia kwenda kwao na beseni langu mkononi nikisema, "Ni kilio! Ni kilio!" Hawakunielewa. Neno lao la kilio ninalijua, ni matanga, nimelisikia maelfu ya mara, lakini siku ile halikunijia mdomoni. Nalikumbuka sasa, na sasa halimsaidii mtu.

Risasi za kwanza zilikwenda juu. Halafu ukaja moshi wa kuchoma macho. Watu walitawanyika, wengine ziwani, wengine kwenye mihogo, pikipiki zikaachwa zimelala. Vijana wawili waliobeba nyuma waliachia. Jeneza liliinama, likapiga chini kwa upande wa miguu, na mfuniko ukang'oka misumari. Dany na mwenzake wa mbele wakaliteremsha upande wao taratibu. Kisha mwenzake naye akakimbia.

Dany hakukimbia. Mmeandika kwamba hakukimbia kwa sababu aliamini risasi hazitamwingia. Mimi nilikuwa karibu, nimejibanza kwenye ukuta wangu. Hakukimbia kwa sababu mfuniko ulikuwa umefunguka. Isidore alikuwa anaonekana, na uso wake ulikuwa umevimba vibaya, haukuwa wa kuonwa na watu, na Ketsia alikuwa anakuja. Dany aliurudisha mfuniko, akaona haukai, akalala juu yake kwa tumbo, akaushika pande zote mbili. Alikuwa anaogopa, mimi ninamjua mtoto wangu anapoogopa. Maiti haiachwi wazi barabarani. Ndiyo dawa yote aliyokuwa nayo.

Walimpiga akiwa pale pale juu ya mfuniko. Alikuwa anasema, "Ni muntu iko humu, ni muntu iko humu." Walimnyanyua, wakamtupa ndani ya gari. Niliwafuata mpaka kwenye gari. Mmoja alinisukuma kifuani kwa mkono, si kwa nguvu sana, kama unavyomsukuma mbuzi. Nililia, siwezi kusema sikulia.

Isidore tulimzika sisi bamama saa kumi alasiri, kwa sababu wanaume hawakuthubutu kurudi. Kitambaa cha Ketsia kilikuwa na alama za viatu. Tulimzika nacho hivyo hivyo.

Swali: Kati ya vijana waliokimbia, unaweza kuwataja?
Jibu: Nimesahau majina. Ni uzee.

Swali: Una miaka hamsini na moja.
Jibu: Ni uzee wa ghafla.

Lakini nitasema la mmoja bila kumtaja. Ni yule aliyebeba mbele pamoja na Dany. Jumamosi alinipigia simu kutoka mahali ambako sikuuliza ni wapi. Nilimwambia arudi, tutakuja pamoja kwa Shefu Darius tueleze. Aliniambia, "Mama, bananiita Mai-Mai na sikukuwa. Afazali sasa nikuwe." Nilimsihi kwa jina la mama yake. Simu ikakatika, na tangu siku hiyo haipatikani. Wenzake wengine wameenda Misisi kuchimba dhahabu, au wamevuka kwenda kujificha Ubwari. Mlikuwa mnawatafuta wapiganaji, sasa mnao, na mmewatengeneza wenyewe. Andika hivyo, Shefu. Ni mimi ninayesema, si wewe.

Kwenye redio kiongozi mmoja amesema vijana wa Baraka kwa maandamano yao wanairudisha nchi nyuma, wanaharibu maendeleo. Sikusoma sana na mambo ya nchi nzima siyajui. Maendeleo niliyoyaona mimi ni nguzo za Dany. Yeye na hao vijana walikuwa wameanza kuvuta umeme wa jua kutoka kwenye jengo la ushirika wetu mpaka zahanati ya wazazi na nyumba za mtaa. Walikata mikaratusi mlimani, wakaishusha kwa mabega, wakachimba mashimo. Nguzo zilikuwa zimefika mbele ya mgahawa wangu. Mimi kwa tamaa yangu nilishanunua frigo kuukuu kutoka Uvira, nikawa natamba kwamba nitauza maji baridi. Leo frigo ni kabati la sahani. Waya umebaki kwenye gurudumu lake, hakuna anayejua kuufunga isipokuwa Dany. Nguzo mbili zimeshakatwa kuni, na siwezi kuwalaumu waliozikata, maana pikipiki hazitembei na makaa hayashuki. Maharagwe ya Lulimba hayashuki pia. Wazazi wanajifungua kwa tochi ya simu kama zamani, na Ketsia atajifungua hivyo hivyo. Basi nauliza, nani ameirudisha nchi nyuma? Mtu anijibu tu, sitagombana naye.

Tangu tarehe 11 nimekuja hapa kila siku. Siku ya kwanza niliambiwa nisubiri. Siku nyingine nikaambiwa mkubwa hayupo, halafu nikaambiwa niende ofisini mjini, ofisini wakanirudisha hapa. Jumapili padri alikuja pamoja nami, akaombwa asubiri kidogo, akasubiri mpaka akachelewa misa ya pili. Sijaruhusiwa kumwona Dany kwa macho. Ninachoruhusiwa ni kuacha chakula mlangoni. Leo nimemletea ugali na samaki wadogo wa kukaanga, na nimeweka limau pembeni maana hali samaki bila limau.

Yule polisi aliyempiga Isidore nimemwona tena jana bariyeni. Anafanya kazi kama kawaida. Alinisalimia.

Sina mtu mkubwa ninayemjua Bukavu wala Kinshasa. Nina maneno haya tu. Ninaomba yawekwe ndani ya faili la Dany kabla hajapelekwa popote, ili juge atakayelifungua ajue kwamba majani yalikuwa ya kilio, maji yalikuwa ya kutuliza vumbi na niliyamwaga mimi Félicité, na kwamba kijana yule hakukimbia kwa sababu alikuwa anamsitiri mwenzake. Kama kuna kosa ndani ya maji yale, ni langu, mniulize mimi.

Nimesomewa yote tangu mwanzo. Ndivyo nilivyosema, silifuti hata neno moja.

Sahihi ya shahidi: F. Etabo

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Darius Mlondani, kwa Kiswahili, na kumsomea shahidi, naye akatia sahihi bila kulazimishwa saa sita kasoro. Nilimwonya kabla hajasema kuhusu maji. Alisisitiza yaandikwe.

Niliyapeleka kwa mkubwa wa kituo saa hiyo hiyo. Alisoma sehemu ya maji, nyingine hakusoma. Ameamuru shahidi asitoke, abaki hapa kwa mahojiano zaidi kama mtu aliyekiri kuwamwagia dawa waandamanaji. Nimemweleza mkubwa desturi ya majani na ya kwamba mimi mwenyewe nimewahi kuyavaa. Amenijibu nisijiingize.

Kuhusu ombi la shahidi: faili la Dany Asukulu lilifungwa jana tarehe 15, na yeye pamoja nalo alipandishwa gari la kwenda Uvira jana hiyo hiyo kabla ya saa sita mchana. Maelezo haya hayakuwahi. Nitayatuma kukiwa na gari.

Shahidi bado yuko kwenye kiti. Hajaambiwa lolote kati ya haya. Ameniuliza kama Dany amepokea chakula. Nimemwambia amepokea, na kwamba amekula.